Stering Hakufangi, Lakini Oti Alikufa

Kama ulikulia mtaani ukitoa shilingi kumi kuingia kibanda cha video Jumamosi mchana, unaijua sheria hii: stering hakufangi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kuanguka na gari mtoni, kufungwa kwenye kiti na kumwagiwa petroli. Haidhuru. Mtoto wa mbele akianza kulia, kuna mkubwa fulani huko nyuma atamwambia, "Tulia bana, huyo ni stering." Hata DJ Afro alipokuja kututafsiria filamu za kupigana kwa Kiswahili cha mtaani, alibadilisha majina, matusi na hata sababu za vita, lakini sheria hiyo hakuigusa.

Juzi nimetazama tena Nairobi Half Life, na nimegundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiitazama kwa sheria ya kibanda. Nilikuwa namfuata Mwas. Safari hii nikaamua kumfuata Oti. Filamu ikawa nyingine kabisa, na ikaniachia swali ambalo nataka tulijadili hapa: katika filamu zetu za uhalifu, nani anaruhusiwa kubaki hai, na kwa sababu gani?

Kwa wale ambao walikuwa wadogo: filamu hii ilitoka 2012, ikiongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Ilizaliwa kwenye warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ikishirikiana na Ginger Ink ya hapa Nairobi. Warsha hizohizo zilikuwa zimetupa Soul Boy ya Hawa Essuman, na baadaye zikatupa Something Necessary ya Judy Kibinge, Veve ya Simon Mukali na Kati Kati ya Mbithi Masya. Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huo. Ikawa pia filamu ya kwanza kabisa ambayo Kenya iliiwasilisha kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Lakini mtaani hatukuijua kwa tuzo. Tuliijua kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kusikia watu kwenye skrini wakiongea kama sisi.

Hadithi yenyewe unaweza kuisimulia kwa dakika moja. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za Marekani, na ili ziuzike anaziigiza mbele ya wateja, sehemu zote yeye. Anataka kuwa mwigizaji. Kikundi cha maigizo kinapita kijijini, mmoja wao anamwahidi nafasi akitoa pesa. Anapanda gari kwenda Nairobi, na kabla jua halijazama ameshaibiwa kila kitu, kisha anakamatwa na kanjo na kutupwa ndani. Seli ndiyo inayomkutanisha na Oti. Oti ana genge linaloiba vipuri vya magari. Kuanzia hapo Mwas anaishi nusu mbili: mchana mazoezi ya tamthilia, usiku kazi na genge. Mwishowe makarao wanalikusanya genge. Hakuna mahakama. Oti anakufa. Mwas anatoka akiwa hai na kukimbia hadi jukwaani, na pale ndipo filamu inapofungia.

Nianze na sifa, kwa sababu inazistahili. Sijaona filamu nyingine ya Kenya inayoelewa vizuri hivi kwamba wizi ni kazi. Si hasira, si pepo, si ukosefu wa maombi. Ni kazi, ina maagizo, ina bei, ina bosi, ina siku mbaya. Mtu anahitaji kioo cha pembeni cha gari fulani, kijana anatumwa, kioo kinafika dukani, mwenye gari anakuja kukinunua tena. Polisi naye ana mgao wake, kwa hiyo na yeye ni mfanyakazi mwenzao, tofauti ni kwamba yeye ana bunduki ya serikali na anaweza kufunga biashara siku yoyote anayotaka. Wakati Mwas anashauri genge liache vipande na lianze kuchukua gari zima, filamu haimpigii kelele. Inatuonyesha tu kijana mwenye akili akipandishwa cheo katika kampuni pekee iliyokubali kumwajiri.

Na kuna lile tukio la choo. Kila mtu aliyeiona filamu analikumbuka: Mwas, usiku wake wa kwanza mjini, analazimishwa na mahabusu wenzake kusafisha choo cha seli ambacho hata kukitazama ni shida. Ukumbini watu huwa wanacheka na kuziba pua. Mimi nadhani ndilo tukio la uaminifu zaidi katika filamu nzima. Kabla Nairobi haijakuuliza unajua nini, inakuuliza kwanza kama unaweza kuvumilia uvundo wake. Kijana hana la kusema. Anainama, anasafisha.

Lugha nayo imepangwa kwa ujanja. Nyumbani ni Kikuyu, mtaani ni Kiswahili na Sheng, na kadiri Mwas anavyosogea karibu na watu wa tamthilia ndivyo Kiingereza kinavyoongezeka. Hakuna anayesimama kutueleza tofauti za kitabaka. Unazisikia tu kwenye midomo ya watu, jinsi unavyozisikia ukitoka Kayole asubuhi na kufika Westlands saa nne.

Sasa turudi kwa Oti. Olwenya Maina, aliyemcheza, alituacha 2022, na kwa hiyo kumtazama sasa kuna uzito mwingine. Anaigiza kwa macho zaidi ya mdomo. Ni yeye anayempokea Mwas wakati jiji zima limemtema. Ni yeye anayebeba hesabu za genge kichwani: nani ale nini, nani apewe kazi gani, karao yupi alipwe lini. Ana upendo wake kwa Amina, upendo wa watu wasiokuwa na mlango wa kufunga. Ukimtoa Oti, Mwas hafiki wiki ya pili.

Lakini filamu haitupi ndoto ya Oti kwa uzito inaotupa ya Mwas. Mwas tunajua anataka nini tangu dakika ya kwanza. Tunamwona akiigiza, tunamwona akikataliwa, tunamwona akijaribu tena. Tunafundishwa, polepole, kwamba ndani ya huyu mwizi kuna kitu cha thamani ambacho itakuwa hasara kukipoteza. Kwa hiyo risasi zinapoanza, tayari tumeshapiga kura. Tunaomba Mwas aponyoke. Wenzake, tunawahuzunikia kidogo, halafu tunamfuata stering wetu jukwaani na kumpigia makofi.

Shida yangu ni hapo. Filamu haisemi kwamba waliouawa walistahili kufa, hapana. Inalaani mauaji hayo, na kwa 2012 huo ulikuwa ujasiri. Lakini inatupa sababu ya Mwas kuishi, na sababu yenyewe ni kipaji. Na ukishatoa sababu ya mmoja kuishi, umewaacha wengine bila sababu.

Najua kuna atakayeniambia hii ni filamu tu, na hadithi lazima iwe na mtu mmoja wa kufuatwa. Kweli. Ngoja basi nieleze kwa nini limenikaa.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja tuliyecheza naye mpira tukiwa darasa la sita alitokea kwenye ukurasa mmoja wa Facebook. Kama unaishi Eastlands unajua aina ya ukurasa ninayosema. Picha mbili. Ya kwanza amesimama na viatu vipya, mkono mfukoni, picha ambayo mwenyewe alikuwa ameiweka. Ya pili amelala kifudifudi, viatu havipo. Chini yake maneno machache, ati alionywa, hakusikia. Na chini ya maneno hayo watu mamia wakicheka na kushukuru.

Angalia vizuri ukurasa huo na utaona kwamba nao ni filamu ya uhalifu. Una mwanzo, una onyo, una mwisho. Una stering, naye ni yule anayebonyeza risasi na kuandika maelezo. Kitu ambacho hauna ni katikati. Hakuna sehemu ambapo kijana anapelekwa mbele ya hakimu, ingawa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama itakapofunguliwa. Hiyo sehemu imekatwa na mhariri.

Matangani tulikaa kwenye viti vya plastiki, turubai limetundikwa kati ya nyumba mbili. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Mama mmoja anayeuza mandazi pale kona akamwambia mama wa marehemu, "Pole sana, Mama. Na vile huyo mtoto alikuwa anajua kuchora." Mwingine akadakia kwamba kweli, kuna mathree ilikuwa na mchoro wake mgongoni. Mwingine akasema alikuwa pia anajua kuimba, kama angepata tu mtu wa kumshika mkono. Wote walikuwa na nia njema kabisa. Lakini nikasikia tunachofanya: tulikuwa tunamtafutia cheti. Tulikuwa tunajitetea mbele ya mtu ambaye hakuwepo, tukimwambia, huyu mlikosea, huyu alikuwa na talanta. Mama yake hakusema kitu. Yeye hakuwa akililia mchoraji.

Nikawaza, na kama hakujua kuchora? Kama alikuwa kijana wa kawaida tu, mvivu kidogo, mjanja kidogo, mwizi wa simu? Mtu hahitaji talanta ndio asiuawe.

Hili la talanta linatufuata hata nje ya uhalifu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, swali la kwanza nililoulizwa na watu wa kwetu halikuwa utakula nini. Lilikuwa, "Sasa wewe una talanta gani?" Kijana maskini Kenya anaruhusiwa kukosa shule, kukosa kazi, kukosa hata kitambulisho, lakini akikosa talanta watu wanashindwa kabisa kumwelewa. Ni kama amefika mlangoni bila tiketi. Vipindi vya televisheni, wanasiasa, mashirika, makanisa, wote wanaimba wimbo mmoja: kuza kipaji chako utoke mtaani. Hakuna anayeuliza yule asiye na kipaji atoke na nini. Nairobi Half Life, kwa uzuri wake wote, inauimba wimbo huohuo, tena kwa sauti tamu kuliko wote.

Si lazima iwe hivyo, na tunajua kwa sababu wengine wamehangaika na mwisho huohuo. Chukua Tsotsi ya Gavin Hood, ya Afrika Kusini, 2005, iliyoshinda Oscar. Katika riwaya ya Athol Fugard ambayo filamu ilitoka, Tsotsi anakufa akijaribu kumwokoa mtoto mchanga, ukuta ukimwangukia wakati nyumba za mtaa zinabomolewa. Hood alipiga miisho mitatu. Katika mmoja anapigwa risasi na kufa. Katika mwingine anapigwa risasi lakini anatoroka. Ule alioutumia ni wa tatu: Tsotsi anamrudisha mtoto, anainua mikono juu, na filamu inasimama hapo, bunduki zikiwa bado zimemwelekea.

Kila nikiiona ile mikono nafikiria kwamba huo ndio mwisho mgumu kuliko yote. Kifo ni rahisi kukiandika, na kutoroka pia. Lakini mtu aliyeinua mikono inabidi ufanye naye kitu. Inabidi apelekwe mahali, aandikwe jina, asikilizwe. Tsotsi hana talanta yoyote tunayoonyeshwa. Hachori, haimbi, haigizi. Ni muuaji. Na bado filamu inatuomba tutake aishi, bila kutupa rushwa.

Na sisi hapa tuliwahi kuwa na hadithi ya aina hiyo, kabla ya wimbi hili la filamu. John Kiriamiti alikuwa jambazi wa kweli. Alifungwa 1971, akatoka gerezani 1984, na mwaka huohuo kitabu chake My Life in Crime kikatoka. Nadhani hakuna kitabu cha Kenya kilichopita mikono mingi ya vijana kama hicho, mpaka majalada yakatoka. Watu husema tulikipenda kwa sababu ya magari na benki. Mimi nadhani tulikipenda pia kwa sababu msimulizi alikuwa hai. Alikamatwa, alisimama kizimbani, alihukumiwa, alikaa ndani, akatoka na mambo ya kusema. Mhalifu alizeeka. Jaribu kutaja filamu yetu ya uhalifu ambayo mhalifu ana mvi.

Filamu zilizofuata zimejaribu njia tofauti. Veve, 2014, iliyoandikwa na Natasha Likimani, iliondoka Nairobi ikaenda Meru kwenye miraa, na ikamweka mhalifu ndani ya suti: Amos, anayechezwa na Lowry Odhiambo, ni mfanyabiashara na mwanasiasa kwa wakati mmoja. Kenzo, kijana anayemtafuta kulipiza kisasi cha baba yake, ana hasira ya haki. Napenda kwamba Veve ilikumbuka jambo ambalo Gaza ya akina Oti haikuwa na nafasi ya kulionyesha, kwamba wizi mkubwa una ofisi. Lakini inatapanya macho, ina njama nyingi kuliko inazoweza kubeba, na unatoka ukikumbuka mashamba zaidi ya watu.

40 Sticks ya Victor Gatonye, 2020, ilichukua wafungwa, ikawaweka kwenye basi la magereza, ikaliangusha basi msituni usiku, kisha ikaanza kuwaua mmoja mmoja. Wazo zuri. Hatimaye tuna watu ambao tayari wamehukumiwa, tuna muda wa kukaa nao tuwasikie. Lakini giza na damu vinakimbia mbele ya maneno. Hawa pia wanakufa kabla hatujawajua, tofauti ni kwamba safari hii muuaji hana kitambulisho cha kazi.

Halafu ikaja Crime and Justice, 2021, tamthilia ya kwanza ya Kenya ya Showmax. Sarah Hassan na Alfred Munyua ni wapelelezi, na kila kipindi kina kesi inayofanana na habari ulizowahi kuzisoma gazetini. Imepigwa vizuri, inaangalika. Lakini fahamu kilichotokea: kwa miaka tisa kamera imetoka kwenye genge la Oti ikaingia kwenye gari la polisi, ikafunga mkanda. Sisemi polisi hawana hadithi. Wanazo, na Makena na Silas wana vidonda vyao. Ila mtaa sasa unaonekana kupitia kioo cha gari, na mtu anayeonekana kupitia kioo cha gari ni mshukiwa hata kabla hajafanya kitu.

Wakati huohuo, watu wasio na kamera wamekuwa wakifanya kazi ambayo filamu hazijaifanya. Mwaka 2017 Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti iitwayo Who is Next?, juu ya vijana waliouawa na polisi. Ukiisoma utaona haichagui. Haisemi huyu alikuwa mchezaji mzuri, huyu alikuwa mwizi. Inamhesabu kila mmoja. Hiyo ndiyo adabu ambayo naitafuta kwenye skrini.

Kwa hiyo ningependa kuona nini? Si filamu ya mafunzo, tafadhali, tumeshiba hizo. Nataka filamu ya uhalifu yenye moshi wake wote, mbio zake zote, Sheng yake yote, ila Oti afike Makadara Jumatatu asubuhi. Tumwone kwenye benchi na vijana wengine, shati limechafuka, akitafuta uso anaoujua kwenye umati. Mwendesha mashtaka hajaja na faili. Kesi inaahirishwa. Mathe wake ametoka alfajiri, ametumia nauli ya kesho, na anapewa dakika mbili za kumpungia mkono. Najua mtayarishaji atasema hiyo ni boring. Pengine. Lakini mwenzake wa picha ya Facebook hakupata hata hiyo boring. Kuna mama ambaye angetoa kila alicho nacho apate kesi iliyoahirishwa.

Nairobi Half Life bado ni filamu bora ya uhalifu tuliyo nayo, na ndio maana nagombana nayo. Ilitufundisha kuwatazama vijana wale kama watu. Ilipofika mwisho ikaogopa kidogo, ikamshika mkono mmoja tu na kumpitisha mlangoni, kwa sababu yeye alikuwa na tiketi.

Ukiitazama tena wikendi hii, fanya kama nilivyofanya. Mwache Mwas aende zake, atakuwa sawa, yeye ni stering. Baki na Oti. Mtazame anavyowahesabia wenzake pesa. Halafu jiulize kama ulihitaji kujua anaweza kuigiza ndio utake aamke.